Mkazi wa Muda: Kuishi Pune Ukitokea Mbeya

Hapa Mbeya, wanaojua kwamba niliwahi kuishi India huniuliza kwanza habari ya chakula. Wazazi ambao watoto wao wamepata nafasi ya kusoma huko, na ndugu wanaojiandaa kumsindikiza mgonjwa Chennai au Hyderabad, huanza na pilipili, wakaja kwenye joto, wakamalizia na usalama. Ni wachache mno wanaouliza habari ya makaratasi, ingawa kwa maoni yangu hilo ndilo lingestahili kuwa swali la kwanza, kwa sababu mgeni anayekaa India zaidi ya miezi sita hatembei na viza peke yake; hutembea na mlolongo wa nyaraka ambamo kila moja hudai kuiona nyingine kabla haijatolewa. Niliishi Pune, katika jimbo la Maharashtra, kwa kipindi chote cha masomo yangu ya uzamili, na haya ninayoyaandika ni ya mkazi wa muda, ambaye si mtalii wa kupita wala si mwenyeji.

Mlolongo wenyewe uko hivi. Mwanafunzi mwenye viza inayozidi siku 180 hutakiwa kujiandikisha ndani ya siku 14 tangu aingie nchini, katika ofisi ya usajili wa wageni ambayo kila mtu huiita FRRO. Tangu 2018 maombi hayo hupelekwa kwa njia ya mtandao, jambo ambalo limepunguza foleni bila kupunguza masharti: zinahitajika pasipoti, viza, picha, barua ya chuo inayothibitisha kwamba wewe ni mwanafunzi wao, na uthibitisho wa mahali unapoishi. Uthibitisho huo wa makazi ndio mzizi wa fitina. Mwenye nyumba anayempokea mgeni kutoka nje ya India ana wajibu wa kuiarifu serikali ndani ya saa 24 kwa fomu ambayo wakati wangu iliitwa Fomu C, na wengi wao, hasa wenye chumba kimoja au viwili vya kupangisha, hawataki hata kuisikia, kwa kuwa wanaona ni kujipalia makaa kwa ajili ya kodi ya mwanafunzi. Benki nayo inataka kuona karatasi ya usajili na anwani kabla ya kufungua akaunti, tovuti za serikali hutuma namba ya siri ya mara moja kwenye simu, na laini ya simu anayouziwa mgeni haivuki tarehe ya mwisho ya viza yake. Ndiyo maana kila anayekuja kuniuliza namshauri kwamba mwanafunzi akubali kukaa hosteli ya chuo katika muhula wa kwanza, hata kama chumba ni kidogo na lango linafungwa mapema. Chuo kitajaza Fomu C bila kunung'unika, na karatasi ya kwanza ikishapatikana, nyingine hufuata.

Laini ya simu na akaunti ya benki zina uzito kuliko mtu wa Tanzania anavyoweza kudhani, ingawa sisi wenyewe tumezoea kutumiana pesa kwa simu tangu 2008. Kwetu pesa hukaa kwenye laini, na wakala yuko kila kona ya Mwanjelwa. India wana mfumo wa UPI, ulioanza 2016, ambao huiunganisha simu moja kwa moja na akaunti ya benki, kwa hiyo hakuna wakala, na mnunuzi wa kawaida hakatwi kitu. Muuza chai wa kando ya barabara ana kibao chenye msimbo wa kupiga picha, na pembeni yake kiko kisanduku kidogo kinachotangaza kwa sauti, kwa Kihindi au Kimarathi, kiasi kilichoingia, ili asihitaji kuacha sufuria yake kuangalia simu. Nilipokuwa bado sina akaunti nililipa taslimu, na kila muuza mboga alinitazama kama mtu aliyemletea usumbufu. Chenji hakuna, badala yake huchukua fungu la majani ya giligilani na pilipili mbichi mbili tatu, akazitupia kwenye mfuko wako, biashara ikaisha. Nilikuwa na giligilani nyingi kuliko nilivyoweza kula.

Nilipohama hosteli niliingia mikononi mwa madalali, ambao tabia zao ni zilezile za madalali wetu, pamoja na madai yao ya kodi ya mwezi mmoja. Kodi yenyewe hulipwa mwezi kwa mwezi, tofauti na wenye nyumba wa hapa wanaotaka miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, lakini kwanza unaweka amana ya miezi kadhaa, na mkataba kwa desturi huandikwa wa miezi 11. Kisha yanakuja mahojiano. Unakula nyama? Utapika mayai? Utaleta wageni, na wageni hao ni wa jinsia gani? Zipo nyumba nyingi ambamo nyama haipikwi kabisa, na sikuona sababu ya kulilalamikia hilo, kwa maana mwenye nyumba asiyekula nyama kwa imani yake ana haki juu ya jiko lake. Lililoniudhi ni wale waliosema kwenye simu kwamba chumba kipo, nami nikapanda bajaji hadi mlangoni, wakanitazama kuanzia juu hadi chini, na papo hapo chumba kikawa kimeshachukuliwa na mtu mwingine.

Sitaki kulikuza jambo hili wala kulifunika, kwa sababu wazazi wa hapa bado wanakumbuka habari za 2016, wakati mwanafunzi wa Kitanzania aliposhambuliwa na kundi la watu Bengaluru kutokana na ajali ya gari ambayo yeye hakuhusika nayo, tukio ambalo hata Waziri wa Mambo ya Nje wa India wa wakati huo, Sushma Swaraj, alilitaja hadharani kuwa ni la aibu. Mimi sikuwahi kushambuliwa. Nilikodolewa macho sana, niliombwa picha na watu nisiowajua mbele ya mahekalu na ndani ya vituo vya reli, na nilidhaniwa kuwa Mnigeria mara nyingi kiasi cha kuacha kusahihisha. Kukodolewa macho kunachosha, lakini ni tofauti na kunyimwa chumba, na anayekwenda huko ni vizuri ajue kutofautisha mambo hayo mawili, la sivyo atamaliza masomo yake akiwa na hasira na kila mtu, wakiwamo waliokuwa na udadisi tu.

Chumba nilikipata Kothrud, ghorofani kwa mama mmoja mjane aliyestaafu ualimu, ambaye mtaa mzima ulimwita Kaku, nami nikamwita hivyo. Fomu C aliijaza na mjukuu wake mezani, kwa miwani puani, akasoma kila mstari kwa sauti na kuuliza kwa nini serikali inataka kujua haya yote kuhusu mtoto wa watu. Sharti lake lilikuwa moja, viatu viishie mlangoni. Kwa Kaku ndipo nilipoona bhakri ikitengenezwa: unga wa mtama unakandwa kwa maji ya moto, donge linapigwapigwa kwa kiganja hadi linakuwa duara bapa, linawekwa kwenye kikaango kikavu, upande wa juu unapakwa maji kwa vidole, kisha linageuzwa na kumaliziwa juu ya moto wenyewe hadi linavimba. Hakuna kifimbo cha kusukumia. Vidole vyangu vilivyozoea kusonga ugali havikuweza kazi ile, naye hakuficha kwamba anafurahi kuviona vikishindwa.

Kwa hiyo nikiulizwa kuhusu chakula, jibu langu huwavunja moyo wanaotarajia vituko. Mtu wa nyanda za juu atakuta vitu vingi anavyovijua vikiwa vimevaa nguo nyingine. Mchele unaosifiwa nje ya India ni ule mrefu wa basmati, lakini watu wa Pune wenyewe wana mchele wa Indrayani, unaolimwa maeneo ya Maval, mfupi, wenye harufu nzuri na unaoshikana kidogo ukiiva, na yeyote aliyelelewa kwa mchele wa Kyela atauelewa mara moja bila kuelezwa. Mbaazi, ambazo kwetu wengi huzichukulia kuwa chakula cha watu wa Kusini na Pwani, kule ndizo msingi wa mlo wa kila siku, zikikobolewa, zikachemshwa na manjano, zikatiwa sukari guru kidogo na kumwagiwa samli juu ya wali. Ni mbaazi hizohizo ambazo wakulima wa Tanzania huziuza India, na ambazo bei yake ilianguka vibaya 2017 baada ya serikali ya India kuweka ukomo wa kuziingiza nchini. Nilipokuwa nikisoma habari hizo nyumbani hazikuwa na maana kubwa kwangu, hadi nilipokaa mezani mahali ambapo mbaazi hukosekana kwa nadra kama chumvi. Kitu kilichoniuma ni parachichi. Kwenye duka kubwa karibu na chuo lilipangwa moja moja, kila tunda na kikoti chake cha wavu, likiwa na kibandiko cha Tanzania, na bei ya moja ilizidi rupia 100. Nililigeuzageuza mkononi, nikawaza mabeseni yanayopangwa stendi ya Tukuyu, nikalirudisha. Unga mweupe wa sembe, huo haupo madukani. Wanaotoka likizo huombwa na wenzao waubebe, na mwenye kilo tano chumbani hupata marafiki.

Joto la Aprili na Mei ni kweli, na halina ujanja. Pune iko kama mita 560 juu ya usawa wa bahari, wakati Mbeya iko kwenye 1,700, na kwenye miezi hiyo kipimajoto hufika nyuzi 38 hadi 40 mchana. Feni ya darini huchanganya hewa ya moto tu. Zaidi ya joto, kilichonivuruga ni mpangilio wa mvua. Sisi mvua zetu huanza Novemba na kwisha Mei, na mwezi wa Juni ni wa kuvaa sweta na kuvuna mahindi chini ya anga kavu. Kule, Juni ndipo mawingu ya masika yao yanapopanda kutoka bahari ya Arabuni, na kuanzia hapo hadi Septemba nguo hazikauki, viatu vya ngozi huota ukungu kabatini, na walimu huanza kipindi kwa kusubiri waliokwama njiani. Hata hivyo Pune yenyewe haipati mvua nyingi kama sifa zake. Kwa mwaka haifikishi milimita 1,000, wakati Lonavala, mji wa mlimani ulio kilomita 65 hivi kuelekea Mumbai, hupata zaidi ya milimita 4,000. Mtu wa Mbeya hahitaji mwalimu wa jiografia amweleze sababu. Mlima Rungwe huzuia mawingu yanayotoka Ziwa Nyasa, Tukuyu ikalowa mwaka karibu wote, na bonde la Usangu lililo nyuma ya milima likabaki likitegemea mito. Milima ya Ghats hufanya kazi hiyohiyo kwa Pune, na barabara inayopanda kutoka Mumbai kupitia Khandala, yenye malori yanayoguna kwa gia ya kwanza, itamkumbusha Kitonga kila aliyewahi kupita njia ya Iringa.

Sasa safari. Reli ndiyo iliyonipa India, na kwa hapa naomba nisiharakishe. Aliyekulia Mbeya anaijua stesheni ya TAZARA pale Iyunga, anajua behewa lenye vyumba vinavyofungwa, vya watu wanne au sita, wanaume kwao na wanawake kwao. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067. Ya India ni milimita 1,676, na upana huo huonekana mara tu unapoingia ndani. Katika daraja la vitanda vitatu lenye kiyoyozi, ambalo ndilo ninalolipendekeza kwa mwanafunzi na kwa familia yenye mgonjwa anayejiweza, hakuna mlango wala mgawanyo wa jinsia: kila sehemu ina vitanda sita vinavyotazamana, vitatu kila upande, na viwili vingine kando ya ujia, na mnalala humo wake kwa waume, wazee kwa watoto. Kitanda cha katikati huinuliwa saa nne usiku na kukunjwa saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo mwenye kitanda hicho hana pa kujilaza mchana. Ukipata cha juu kabisa, una faragha, lakini dirisha huna. Mzee akikuomba mbadilishane ili alale chini, unabadilisha. Hakuna anayelazimisha, ila behewa zima litakutazama.

Tiketi ni elimu ya peke yake. Tangu Novemba 2024 nafasi hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, badala ya 120 za awali, na treni za njia kubwa hujaa mapema. Aliyechelewa hungoja mgao wa dharura, Tatkal, unaofunguliwa siku moja kabla: saa nne asubuhi kwa madaraja yenye kiyoyozi, saa tano kwa yasiyo nacho, na dakika chache baadaye hakuna kilichobaki. Katikati ya kupata na kukosa kuna hali ya tatu ambayo sikuwahi kuiona kwetu, iitwayo RAC, ambayo inakuruhusu kupanda treni lakini kwa kugawana kitanda kimoja cha kando na mtu mwingine, mkikaa mnatazamana, hadi abiria fulani asipotokea na mmoja wenu akapewa nafasi yake. Nilisafiri hivyo na karani mmoja wa mahakama aliyefungua kopo lake la chapati kabla hata treni haijatoka Pune, akaligawa katikati, kisha akanihoji kuhusu bei ya mashamba Tanzania hadi Solapur. Mgonjwa asipelekwe kwa tiketi ya namna hiyo.

Safari niliyoipenda kupita zote ni ya Ooty, katika milima ya Nilgiri, jimbo la Tamil Nadu. Kutoka Pune treni hushuka kusini kupitia Solapur, Bengaluru na Salem, usiku na mchana, hadi Coimbatore. Kisha alfajiri unafika Mettupalayam, ambako treni ndogo ya mlimani huondoka baada ya saa moja asubuhi. Njia yake ya kilomita 46, iliyofika Coonoor 1899 na Ooty 1908, imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2005. Kwenye mwinuko mkali, katikati ya reli mbili kuna vyuma vyenye meno, na gurudumu la meno chini ya injini hujishika humo. Injini ya mvuke iko nyuma, inasukuma mabehewa mbele yake. Kila baada ya muda husimama kunywa maji, na abiria wote hushuka kupiga picha na kununua maandazi ya dengu yaliyokaangwa pale pale. Coonoor wanabadilisha injini, wanafunga ya dizeli, na muda si mrefu linafunguka bonde la Ketti.

Hapo ndipo niliposimama dirishani nikasahau mambo ya picha. Ngazi za mashamba ya viazi, karoti na kabichi zilikuwa zimekatwa kwenye mteremko, chai imefunika vilima kama ya Mufindi, na juu yake misitu ya mikaratusi na miwati, miti ambayo Waingereza waliileta huko kutoka Australia katika karne ya 19, na ambayo Njombe tunaijua kwa mashamba yake makubwa. Ooty iko juu ya mita 2,200. Wanafunzi wenzangu kutoka Maharashtra walikuwa wamekodi makoti na kukunja mikono, wakilalamikia baridi ya saa kumi jioni, nami nilitembea na shati, nikanunua viazi vya kuchemsha kwa mama aliyejifunga kitambaa cheupe kichwani, nikampigia mama yangu simu. Kule ilikuwa saa kumi na moja jioni, nyumbani saa nane na nusu mchana. Tofauti yetu ni saa mbili na nusu, na ile nusu haikuacha kunisumbua hadi nilipoondoka. Nilimwelekezea kamera kwenye shamba la karoti. Aliniuliza kama nimeghairi masomo nikarudi Uporoto kimyakimya.

Kuondoka nako kuna taratibu. Anayehitaji kuongeza muda aombe kabla usajili wake haujaisha, kwa sababu aliyepitisha tarehe hulipa faini na kutafuta kibali cha kutoka, na ndege haimsubiri. Akaunti ya benki ifungwe wakati laini ya simu bado inafanya kazi, kwa kuwa bila namba ile ya siri hutaifunga. Kaku alikata kwenye amana yangu gharama ya kupaka rangi ukuta, kama mkataba ulivyosema, akaandika hesabu yote kwenye karatasi ya mistari na kunirudishia iliyobaki taslimu. Rupia hizo zibadilishwe kuwa dola huko huko, na stakabadhi itunzwe, maana hapa Mbeya ni shida kumpata atakayezipokea kwa bei ya maana.